Feza ya telefone: sababu gani serveri zinapaswa kubadilishwa moja moja

Tangu benki zilipofunga milango Goma mwezi wa 1 2025, kisha Bukavu mwezi wa 2, feza nyingi ya Kivu inatembea kwa telefone. Mushahara, feza ya masomo ya mutoto aliye mbali, bei ya gunia ya makala: mara nyingi vyote vinapita kwa wenye kabine. Kwa hiyo, wakati ujumbe unafika kusema kwamba kazi itasimama usiku ili kutengeneza mashine, si jambo la mafundi peke yao. Mwenye kuwa na mugonjwa hospitalini saa nane ya usiku anaweza kukosa namna ya kulipa dawa.

Je, ni lazima kufunga ili kubadilisha programu? Mara nyingi hapana. Lakini kufanya bila kufunga kunaomba feza na matayarisho ambayo hayaonekane kwa macho ya wakaaji.

Kazi kama hii haikae kwa ordinatere moja. Inabebwa na kundi la serveri zinazosaidiana: moja ikianguka, zingine zinaendelea. Kundi hilo ndilo linatoa nafasi ya kuweka programu mupya. Mafundi wanatoa serveri moja kwa kazi, wanangojea imalize watu iliokuwa inahudumia, wanabadilisha, wanapima, wanairudisha. Kisha wanaenda kwa ya pili. Ni sawa na kabine tatu za soko: mwenye moja akienda kula, mbili zinapokea watu.

Hapo hesabu ya kwanza inaingia. Serveri tatu zikitumika kila moja kwa 60%, ukitoa moja, mbili zinazobaki zinafika 90%. Kazi inaendelea. Lakini zikiwa tayari kwa 80%, mbili zinapaswa kubeba 120%, na hilo haliwezekane. Kampuni ambayo haikununua nguvu ya akiba haina njia ingine: inafunga usiku, ao inabahatisha.

Hatari ya pili ni kusahau moja. Tarehe 1 mwezi wa 8 2012, Knight Capital, kampuni ya Marekani iliyokuwa inauza na kununua hisa, ilikuwa imeweka programu mupya kwa serveri zake nane. Moja ilisahauliwa. Soko lilipofunguka, saba zilifanya kazi muzuri, na ya nane ikaamusha programu ya zamani ambayo haikutumika tena tangu miaka mingi. Ikaanza kununua na kuuza bila kusimama. Katika kutafuta dawa, mafundi waliondoa programu mupya kwa zile saba, na ubaya ukaenea kwa zote nane. Kwa dakika 45, kampuni ilipoteza zaidi ya milioni 400 za dola. Mwaka uliofuata iliunganishwa na kampuni ingine. Kurudi nyuma ni dawa tu kama mutu anajua kwanza ugonjwa uko wapi.

Hatari ya tatu ni kubadilisha zote mara moja. Tarehe 19 mwezi wa 7 2024, CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa ordinatere, ilituma faili moja yenye kosa kwa wateja wake dunia nzima. Iliiondoa kisha dakika 78, lakini kufuatana na Microsoft, ordinatere karibu milioni 8.5 zilikuwa zimeguswa. Ndege nyingi hazikuruka, hospitali zikaahirisha kazi. Kama ingetumwa kwanza kwa wateja wachache, kosa lingeonekana mapema na madhara yangekuwa madogo.

Jambo gumu zaidi ni daftari ya feza, pale kunaandikwa nani iko na ngapi. Wakati wa kubadilisha, programu ya zamani na ile mupya zinatumika pamoja, na zote mbili zinapaswa kusoma daftari ileile. Kwa hiyo mafundi wazuri wanaongeza kwanza nafasi mupya bila kufuta ya zamani, na wanafuta tu wakati hakuna serveri inayoitumia tena. Zaidi ya hayo, kama kamba ya mutandao inakatika katikati ya kazi, kundi linaweza kugawanyika na kila upande kujiona kuwa mukubwa. Feza moja ingetumiwa mara mbili. Ndiyo sababu wanapenda hesabu isiyogawanyika kwa mbili: kwa tatu, wenye kuwa wawili wanaendelea, aliye peke yake anasimama.

Kwa hiyo, kufunga saa chache si aibu kila mara. Kufunga usiku kwa kutangaza mapema ni afazali kuliko kupoteza hesabu ya feza ya watu muchana. Lakini kufunga mara kwa mara kunaonyesha mashine haba, ao mupango haba. Benki Kuu ya Kongo, inayotoa ruhusa kwa kazi hii, inaweza kuuliza kila kampuni maswali mepesi: nguvu ya akiba ni ngapi? Programu mupya inapimwa kwanza wapi? Namna ya kurudi nyuma ilijaribiwa lini? Katika muji ambamo telefone imechukua nafasi ya benki, majibu ya maswali hayo yanahusu kila mutu mwenye feza ndani.