Mpaka Nao ni Matini: Mwanafunzi wa Kiswahili na Viza ya Ulaya

Hapana shaka kwamba Kiswahili ni lugha inayosafiri. Tangu mwaka 1987 wataalamu wake wamekuwa wakikutana Bayreuth, Ujerumani, katika kongamano linalojulikana na kila msomi wa taaluma hii. Kiswahili hufundishwa Napoli, Leiden na Paris, na maktaba ya SOAS huko London imehifadhi miswada ya kale ambayo mtafiti wa ushairi wetu ni vigumu kuipuuza. Lugha yasafiri, mwanafunzi wake ndiye akwamaye. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu ya kukwama huko twajitakia wenyewe, kwa kuwa twafunzwa kuchambua kila matini isipokuwa ile inayobandikwa ndani ya pasipoti zetu.

Dhana potovu ya kwanza ni kuiona Ulaya kama nchi moja. Eneo la Schengen, lililoasisiwa kwa mkataba wa mwaka 1985, lina nchi 29 tangu Januari 2025, Bulgaria na Romania zilipojiunga kikamilifu. Aliyepewa viza ya muda mfupi na Ujerumani aweza, baada ya kuwasilisha makala yake Bayreuth, kupanda gari moshi hadi Prague katika Jamhuri ya Cheki iliyo jirani, au kwenda Uswisi, ambayo si mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen. Uingereza na Ireland hazimo. Umbali kati ya Paris na London ni safari ya saa mbili na ushei kwa treni ipitayo chini ya bahari, ilhali kwa mwenye pasipoti ya Kenya safari hiyo yadai viza mbili tofauti.

Hapo ndipo penye mtego. Kwenye kibandiko cha viza pana nafasi ndogo inayoonyesha idadi ya kuingia: 01, 02 au MULT. Mwenye 01 akitoka Paris kwenda London kusoma miswada, hata kwa siku moja, viza yake ya Schengen imekwisha kazi, hata kama tarehe zake hazijapita. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Huyu akirejea ataikuta ngama imefungwa. Anayekusudia kutoka na kurudi hana budi kuomba viza ya kuingia zaidi ya mara moja tangu mwanzo, na kueleza sababu.

Fauka ya hayo, muda wa viza si sawa na siku za kukaa. Kibandiko chaweza kuonyesha mwezi mzima kati ya tarehe mbili na bado kikaruhusu siku 15 tu. Kikomo cha jumla ni siku 90 katika kila kipindi cha siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Tangu Oktoba 2025 mfumo wa kielektroniki umeanza kunakili tarehe hizo, kwa hivyo asitumaini mtu kwamba muhuri uliofifia utamwokoa. Pasipoti nayo isiachwe chumbani kwa kudhani kwamba mipaka ya ndani haina ukaguzi. Nchi huweza kuurejesha kwa muda, kama Ujerumani ilivyofanya Septemba 2024 katika mipaka yake yote ya nchi kavu.

Je, ombi lipelekwe wapi? Lipelekwe kwa nchi ambayo ndiyo lengo kuu la safari; siku zikilingana na lengo kuu lisibainike, ni ile ya kuingilia kwanza. Lipelekwe mapema, kwani dirisha hufunguliwa miezi 6 kabla ya safari na kwa kawaida hufungwa siku 15 kabla. Pasipoti iwe imetolewa katika miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 tupu, na isalie na uhai wa miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka Schengen. Bima ya matibabu nayo isipungue thamani ya euro 30,000.

Lililo zito zaidi ni la fedha. Tangu Juni 2024 ada ya ombi kwa mtu mzima ni euro 90, na ombi likikataliwa hairudishwi. Hata hivyo Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, katika kifungu cha 16, inawasamehe ada hiyo wanafunzi, wakiwemo wa uzamili na uzamifu, wanaosafiri kwa masomo au mafunzo, pamoja na watafiti wanaokwenda kufanya utafiti au kushiriki kongamano la kitaaluma. Malipo ya kituo kinachopokea maombi yaweza kubaki, na ni juu ya mwombaji kuthibitisha kwamba anahusika. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kuuliza?

Wapo watakaosema kwamba kanuni zenyewe ni za dhuluma: mwenye pasipoti ya Ulaya hutujia kwa fomu ya mtandaoni, nasi twadaiwa barua ya mwaliko, taarifa za benki na alama za vidole. Kweli tupu. Lakini atakaye kuipinga kanuni hana budi kuisoma kwanza. Kanuni hiyo hiyo yamlazimu anayekataa ombi kutaja sababu kwa maandishi, na yampa mwombaji haki ya kukata rufaa. Asiyejua haki hiyo huikunja barua ya kukataliwa na kuirudisha mfukoni.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, idara zetu ziandae kikao kimoja kwa mwaka ambapo wahadhiri na wanafunzi waliowahi kusafiri watawapitisha wenzao katika fomu hizi, ukurasa kwa ukurasa. Pili, chama chetu kitayarishe mwongozo wa Kiswahili wa kanuni hizi, na kuusahihisha kila zinapobadilika. Kazi ya tafsiri tunaisomea. Hapa pana matini inayoisubiri. Kiti cha mtafiti wa Kiswahili kikibaki kitupu ughaibuni, kisibaki kitupu kwa sababu mwenyewe hakusoma tarakimu mbili.