Mali Kauli Haimo Katika Hojaji

Kila mwaka watu hujaza fomu za kuomba kusomea shahada ya uzamivu katika usimamizi wa biashara hapa Kampala. Fomu huuliza shahada ya umahiri ilipatikana wapi na kwa daraja gani. Huomba barua za watu wanaomfahamu mwombaji kitaaluma, pendekezo fupi la utafiti na stakabadhi ya malipo ya benki. Fomu nilizowahi kuziona hazimuulizi mwombaji swali moja: utazungumza lugha gani na watu unaokusudia kuwachunguza? Hoja yangu ni kwamba swali hilo lingepaswa kuwa miongoni mwa maswali ya kwanza. Kutoliuliza kunatuletea tasnifu zenye makosa ambayo mchuuzi yeyote wa Owino angeyasahihisha kwa dakika moja. Nami nimeshiriki kosa hilo, kwa hiyo nitaanza na langu.

Nilipokuwa mwaka wa pili, mwanafunzi mmoja wa uzamivu, mwenyewe mhadhiri katika chuo ambacho sitakitaja, alitafuta mtu wa kumtafsiria hojaji kutoka Kiingereza. Utafiti wake ulihusu jinsi wafanyabiashara wadogo wanavyopata mtaji. Baadhi ya wahojiwa wake walikuwa Watanzania na Wakongomani wanaouza katika masoko ya jiji, na alijua kwamba Kiingereza hakitamfikisha mbali. Alinipa kurasa sita Alhamisi jioni, akazitaka Ijumaa asubuhi. Malipo yalikuwa shilingi 80,000. Nilifurahi. Nilikesha na kamusi, nikamaliza, na nilijiona mtaalamu.

Swali la kumi na moja liliuliza kama mhojiwa hupata bidhaa kwa wauzaji wa jumla na kulipa baadaye. Kiingereza chake kilikuwa na istilahi ya maneno mawili tu, bila maelezo. Nikaandika: "Je, unatumia mkopo wa biashara?" Kamusi ilinikubalia, na mwenye hojaji pia.

Wiki mbili baadaye alinichukua tena, safari hii kukusanya data. Nilimkuta mama mmoja wa Mwanza katika soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe. Anauza dagaa, ambao wanunuzi wake wa Kampala huwaita mukene. Nilimpa shikamoo, akafurahi kuisikia hapa, akanipa kigoda. Nikasoma maswali, naye akajibu kwa subira. Nilipofika la kumi na moja alicheka.

"Mkopo? Mwanangu, benki haijanipa hata shilingi moja. Andika sina."

Nikaweka alama kwenye Hapana. Kabla sijamaliza ukurasa wa mwisho, mchukuzi alishusha magunia manne mbele ya meza yake. Mama alifungua daftari, akaandika tarakimu, akamruhusu mchukuzi aende. Nikamuuliza kama mzigo huo ameshaulipia.

"Bado. Hii ni mali kauli. Nikishauza, namtumia mwenyewe Mwanza pesa yake kwa simu."

Msomaji anayetoka Tanzania hahitaji kuelezwa. Mali kauli ni bidhaa unayoichukua kwa kauli yako tu, bila kulipa na bila rehani, kwa ahadi kwamba utalipa ukishauza. Ndicho hasa alichokuwa anakitafuta mwenye hojaji. Biashara nzima ya mama yule ilisimama juu yake, na karatasi yangu ilikuwa imeshaandika kwamba hana.

Nilimpigia mwenye utafiti jioni ile. Hakunidharau. Alinieleza kwamba pendekezo lake limeshapitishwa, hojaji imeshapitishwa na kamati ya maadili, yuko mwaka wa nne, na akibadilisha swali moja itabidi arudi kwenye kamati. Aliniambia niendelee hivyo hivyo. Nami, kwa kuwa nilihitaji pesa, niliendelea hivyo hivyo kwa siku tano.

Simlaumu yeye zaidi ya ninavyojilaumu. Mhadhiri wa biashara asiye na uzamivu hapa nchini ana wasiwasi wa haki kabisa kuhusu kupandishwa cheo na hata kubaki kazini. Anafundisha madarasa makubwa mchana, anasoma usiku, analipa ada kwa mshahara uleule unaolipa karo ya watoto. Akifika kwenye kukusanya data, anachotaka ni kumaliza. Ninachokilaumu ni utaratibu unaompokea mwombaji, unaomfundisha, unaomsimamia na kumtahini bila mtu hata mmoja mwenye wajibu wa kuuliza kama maswali yake yalieleweka.

Tusiseme kwamba hatukujua. Vipimo vya "nakubaliana kabisa" hadi "sikubaliani kabisa", ambavyo tasnifu nyingi za usimamizi wa biashara huvitumia, vinatokana na kazi ya Rensis Likert ya mwaka 1932 huko Marekani. Mwaka 1970 Richard Brislin alichapisha makala iliyoeleza jinsi ya kuikagua tafsiri: mtu wa pili, ambaye hajauona waraka wa asili, airudishe tafsiri katika lugha ya kwanza, kisha nyaraka mbili zilinganishwe. Ni zaidi ya miaka hamsini sasa. Hojaji niliyotafsiri mimi haikurudishwa na mtu yeyote.

Hata hivyo, ukaguzi huo peke yake usingetuokoa. Mtu wa pili angeuchukua "mkopo wa biashara" wangu na kuurudisha kwa Kiingereza kilekile, na kila mmoja angeridhika. Maneno yangekuwa salama kwenye karatasi huku maana ikiwa imeachwa sokoni. Kinachotakiwa kinaanza kabla ya hojaji kuandikwa: mtafiti akae sokoni, asikilize watu wanaitaje wanachokifanya, ndipo atunge swali.

Katika historia ya uchumi wa nchi hii lugha imekuwa sehemu ya jambo lenyewe. Baada ya Idi Amin kutangaza mwezi Agosti 1972 kwamba Waasia waondoke ndani ya siku 90, maduka yao yaligawiwa, na waliotajirika ghafla waliitwa mafuta mingi. Biashara ya kukwepa serikali na mipaka iliitwa magendo. Mwaka 1983 Nelson Kasfir, mtaalamu wa sayansi ya siasa kutoka Marekani, alipoandika makala ya Kiingereza kuhusu dola na matabaka nchini Uganda, aliliweka neno magendo katika kichwa cha makala yake. Mgeni yule aliona kwamba hawezi kuueleza uchumi wetu akiliacha neno ambalo watu wenyewe wanautajia. Sisi tulio wenyeji tunakwenda Owino na istilahi za vitabu vya ng'ambo, tunamuuliza mama wa dagaa kama anazo.

Nazijua pingamizi tatu, na kila moja inastahili jibu.

Ya kwanza ni kwamba lugha ya soko la Kampala ni Kiganda, na Kiswahili kwa wengi bado kinakumbusha vizuizi vya barabarani na askari wa miaka ya sabini. Ni kweli. Asemaye hivyo, hata hivyo, ananiongezea hoja. Kama utafiti unahusu wauzaji Waganda, mwombaji aonyeshe Kiganda chake, na maneno ya Kiganda yachunguzwe kwa makini yaleyale. Lakini biashara inayovuka mipaka haikai ndani ya Kiganda. Mzigo unaopita Mutukula kutoka Tanzania, Mpondwe kwenda Kongo, Busia na Malaba kutoka Kenya, sehemu kubwa ya mapatano yake hufanywa kwa Kiswahili. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mwaka huohuo, mwezi Julai, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Shahada ya juu kabisa ya biashara haiwezi kuwa mahali pa mwisho kupata habari hiyo.

Ya pili ni kwamba majarida ya kimataifa yanataka Kiingereza na watahini wa nje hawasomi Kiswahili. Sijadai kwamba tasnifu za biashara za Kampala ziandikwe kwa Kiswahili, ingawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatunuku uzamivu wa Kiswahili kwa tasnifu zilizoandikwa kwa Kiswahili, na hakuna mbingu iliyoanguka. Ninachodai ni kidogo zaidi. Jibu liandikwe kwa Kiingereza, lakini swali liulizwe kwa lugha ya anayejibu. Na kama neno mali kauli halina mwenzake, liingie katika tasnifu kama lilivyo na lielezwe. Huo ndio mchango mpya wa maarifa ambao kanuni za uzamivu humtaka mtahiniwa auonyeshe.

Ya tatu ni kwamba sampuli ikiwa kubwa, makosa madogo humezwa. Sivyo. Swali lisiloeleweka kwa mtu mmoja halieleweki kwa mia tatu. Ukiuliza watu mia tatu kuhusu "mkopo wa biashara" utapata "Hapana" nyingi, programu ya takwimu itazipokea bila kulalamika, na jedwali litatoka safi. Usafi wa jedwali utamdanganya msimamizi, kisha mtahini, kisha wizara.

Wizara naitaja makusudi. Mwezi Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kupinga, pamoja na mambo mengine, mfumo wa stakabadhi za kielektroniki wa EFRIS. Miongoni mwa malalamiko yao ni kwamba mfumo haukuelezwa wakauelewa. Sasa mfikirie mama wa dagaa. Mzigo umefika kwake lakini pesa haijaenda Mwanza, na huenda nusu ya gunia ikaoza. Stakabadhi itolewe lini, na kwa kiasi gani? Hilo ni swali zuri la uzamivu katika usimamizi wa biashara, na jibu lake lingewafaa mtoza kodi na mlipa kodi. Lakini hawezi kuliuliza mtu ambaye data zake zinasema mali kauli haipo.

Kwa jirani zetu tumeona mjadala wa aina nyingine. Mwezi Juni 2019 Chuo Kikuu cha JKUAT nchini Kenya kilitunuku shahada za uzamivu 118 katika mahafali moja, nyingi zikiwa za fani za biashara na usimamizi, na uchunguzi ukaagizwa. Watu waliuliza maswali ya haki: wasimamizi walikuwa wangapi, kila mmoja alikuwa na wanafunzi wangapi, makala zilichapishwa wapi. Maswali hayo yote ni ya ofisini. Unaweza kuyajibu yote vizuri na bado ukawa na tasnifu ambayo wahojiwa wake hawakuelewa walichoulizwa.

Sasa niwageukie wenzangu wa Kiswahili, maana na sisi hatuna mikono safi. Tunatafsiri hojaji hizi usiku mmoja kwa bei ya viatu, majina yetu hayatajwi popote, na kwa kuwa hayatajwi hatuoni haya tukikosea. Tunaandika insha nyingi kuhusu wahusika wa riwaya na chache mno kuhusu lugha ya mizani, daftari la madeni na simu ya pesa. Nilijua fasihi simulizi ya pwani kabla sijajua mali kauli, na neno lile nilifundishwa na muuza dagaa akiwa amekaa juu ya gunia. Wahadhiri wetu nao huwa wanakumbukwa tafsiri ikiwa imeshaharibika.

Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti ya serikali. Pendekezo la utafiti la mwombaji liseme lugha ya uwandani, nani atatafsiri, na mwombaji mwenyewe anaifahamu lugha hiyo kwa kiasi gani. Kabla kamati haijapitisha hojaji, mtahiniwa alete ripoti fupi ya mazungumzo na wafanyabiashara wachache, ikionyesha maneno wanayoyatumia wenyewe. Hojaji ya lugha zote mbili iwekwe kwenye kiambatisho, na mtafsiri atajwe kwa jina na alipwe kama mtaalamu, ili aweze pia kulaumiwa kama mtaalamu. Na katika utetezi wa tasnifu iliyokusanya data kwa Kiswahili au Kiganda, awepo mtahini mmoja anayeijua lugha hiyo.

Shule ya Biashara ya Makerere ilizaliwa mwaka 1997 kwa kuunganisha Kitivo cha Biashara cha Makerere na chuo cha taifa cha biashara kilichokuwa Nakawa. Iko huko Nakawa, mashariki ya jiji, na sisi wa Kiswahili tuko juu ya kilima cha Makerere. Ukitaka kutoka huku kwenda kule kwa taksi, utapita katikati ya jiji, na huenda ukashuka kubadilisha gari hatua chache tu kutoka Owino. Soko liko njiani kwa sisi sote.

Mama wa dagaa bado yupo. Nilimrudia mwezi uliopita, nikamweleza kwamba niliandika Hapana mahali palipostahili Ndiyo. Aliniuliza kama karatasi ile inaweza kurekebishwa. Nilimwambia haiwezi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama waliokuja kuuliza walikuwa wanataka kujua kweli.