Kokteli ya ndoa ya mukubwa: nani analipa?

Wandugu vijana, mwezi wa 6 mwaka 2025, Jeff Bezos, tajiri wa Marekani, alienda kufanyia ndoa Venice, Italia, na wageni karibu 200. Vijana wa pale walikataa muji wao ukodishwe. Sherehe moja ikahamishwa. Na yule, makuta ilikuwa yake mwenyewe.

Mukubwa wetu akipeleka ndoa ngambo, tufanye hesabu: kokteli ya saa moja mbele ya chakula, bilauri mbili kwa kila mugeni. Watu 200, bilauri 400, na keki bado! Kwa mushahara gani? Siye wenye diploma tuko tunakaa bure.

Katiba, kifungu cha 99, inalazimisha Rais na mawaziri kutangaza mali yao mbele ya Mahakama ya Katiba. Itolewe wazi, raia wote waisome. Kisha munywe.