Nani Kasema Kiota Kitupu Hakina Picha?

Wapiga picha wengi wa ndege wanaamini kiota kina thamani kwa majuma machache tu: mama akiatamia, na makinda wakifungua midomo. Makinda wakisharuka, kamera inahamia mti mwingine. Naona mazoea haya yanatunyima sehemu kubwa ya maisha ya kiota, tena yanatupeleka kwa ndege saa ileile ambayo hawatutaki kabisa.

Mtazame fundi chuma kwenye miti ya kando ya Ziwa Naivasha. Kiota chake ni rundo la vijiti linaloweza kupita mita 1.5 kwa upana, tena imara kiasi cha kubeba uzito wa mtu. Mlango ni mwembamba, kwa kawaida uko upande wa chini, na njia ya kuingilia imekandikwa tope. Anayesubiri picha ya makinda pale hapati kitu, labda abomoe ukuta. Lakini ya nje ni mengi. Dume na jike hujenga pamoja kwa majuma kadhaa, wakibeba vijiti, matete na udongo, na huweza kujenga viota kadhaa kwa mwaka mmoja hata kama hawatagi.

Wakihama, wengine wanahamia. Bundi huingia ndani, bata wa Misri hutagia humo, kanu hujilaza mchana, na kenge na nyoka nao hawakosi. Kipige picha kiota hicho masika, kiangazi na vuli, ukisimama palepale, uone jinsi paa linavyoongezewa vijiti, linavyobonyea, na nani kaingia baada ya nani. Hicho ndicho mnachokiita kitupu?

Kwa kwera hoja ni nzito zaidi. Mvua zikianza na nyasi kuwa mbichi, dume husuka kiota, kisha huning'inia chini yake akipiga mabawa kumwita jike. Jike huingia na kukagua. Nicholas na Elsie Collias, waliowachunguza kwera kwa miaka mingi, walionyesha kwamba majike hupendelea viota ambavyo bado vina rangi ya kijani. Kikikauka bila kupata jike, dume hukifumua mwenyewe na kuanza kusuka kingine. Basi anayefika makinda wakiwa wameshaanguliwa anaondoka na picha za waliokubaliwa tu. Viota vilivyokataliwa, ambavyo ndivyo vinavyoeleza kwa nini hivi vingine vilifaulu, vimeshakuwa nyasi zilizotawanyika chini ya mti.

Nitaambiwa picha ya makinda inavutia zaidi. Ni kweli, na sina ugomvi na uzuri wake. Ugomvi wangu ni bei yake. Wengi tumelelewa tukiambiwa ukigusa kiota, mama atanusa harufu ya mkono wako na kuwatupa wanawe. Harufu siyo inayomfukuza. Kinachomfukuza ni kukuona umesimama hapo. Ndiyo maana asiyegusa kitu, ila amekaa karibu nusu saa nzima na kamera yake, anaweza kudhuru bila kujua: mayai yanabaki juani, na kunguru au tumbili anaona mahali pa kuja ukishaondoka. Mbaya zaidi ni yule anayekata tawi ili lenzi ipate nafasi. Tawi hilo ndilo lililokuwa kivuli na maficho.

Kiota ambacho wenyewe wameshaondoka hukupa uhuru ambao msimu wa makinda haukupi: unaweza kusogea, ukaangalia fundo la kwanza la kwera lilivyofungwa kwenye kijiti, au tope la fundi chuma lilivyopakwa, ilimradi umehakikisha hakuna mpangaji mwingine ndani. Msimu wa mayai ukirudi, rudi nyuma nawe. Ukimwona mzazi ametua tawi la mbali, chakula kingali mdomoni, anakutazama wewe badala ya kuingia, umeshakaribia kupita kiasi. Kunja vifaa vyako uondoke.