Kindu: Moteri za «4.2» si moja
Mafundi wa Kindu waache kuchagua moteri ya Land Cruiser kwa ukubwa tu. 1HZ na 1HD-T zote zina silenda 6 na lita 4.2, na wauzaji huziita jina moja. Lakini 1HZ haina turbo, na mazutu yake huanza kuwaka katika chumba kidogo ndani ya kichwa cha moteri. Ukiipachikia turbo, joto linapanda, kichwa kinaweza kupasuka. Gari likizimika njia ya Kasongo au Punia, nani analala porini? Ni mama na watoto waliokimbia vita, nauli wamekwisha kulipa! Fundi asome herufi zilizogongwa kwenye bloki, si kifuniko cha juu, maana hicho hubadilishwa. Na mwenye gari anayetaka turbo anunue 1HD-T kamili, hata bei ikiuma.