Masika ya Tanga na Masika ya Laela

Sisi wa Laela tumelowa. Februari inakwisha, njia za mitaani zimekuwa matope, shati lililofuliwa Jumatatu lakauka Alhamisi, na kila nyumba niingiamo naulizwa lile lile: "Redio imesemaje juu ya juma hili?" Swali hili huja kila mwaka wakati huu huu. Basi leo nitalijibu gazetini, maana kulijibu mlango kwa mlango kumenichosha miguu.

Kwanza maneno yenyewe. Habari za hewa hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na katika taarifa ya kila siku sisi wa Rukwa mara nyingi hutiwa kundi moja na Songwe, Mbeya, Njombe na Iringa. Siku za mvua kama hizi utamsikia msomaji akisema: hali ya mawingu, mvua na ngurumo katika maeneo machache, na vipindi vya jua. Mtu wa Laela akisikia hivyo huahirisha palizi, huingiza kuni ndani, akangoja. Jua likiwaka kutwa nzima husema, "Wametudanganya."

Hawakudanganya. Walisema maeneo machache, na shamba lako halikuwamo. Wingu la ngurumo kwa kawaida lina upana wa kilomita chache tu, na toka Laela mpaka Sumbawanga mjini ni kilomita 95 za lami. Toka Laela mpaka Tunduma ni kilomita 128. Abiria aweza kupita ndani ya mvua mara mbili katika safari moja, akafika mjini akakuta barabara kavu. Je, redio imtaje kila mtu na shamba lake?

Tena mkoa wetu ni mmoja lakini hewa ni tatu. Sisi wa uwanda wa juu tuko mita 1,500 na zaidi toka usawa wa bahari. Wenzetu wa Mtowisa na Ilemba wako chini katika Bonde la Rukwa, kwenye mita 800 hivi, na wa Kasanga wako ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Mtu atokaye bondeni asubuhi na shati jepesi hufika huku akaazima koti. Ila maji hayajui habari za koti. Mvua inyeshayo huku juu huteremka kwa mito, na mto waweza kumfikia mtu wa bondeni umefurika hali kwake jua lawaka. Kwa hiyo mwenye ndugu kule chini asione taabu kumpigia simu mvua kubwa ikinyesha huku.

Nikisema mvua kubwa natumia kipimo cha Mamlaka: mvua inayozidi milimita 50 katika saa 24. Milimita moja ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Basi milimita 50 katika eka moja ni zaidi ya ndoo 10,000 za lita 20. Fikirini ndoo 10,000 zikimwagwa juu ya matuta yenu kwa siku moja, ndipo mtajua kwa nini hutangazwa mapema. Hutangazwa kwa rangi tatu: njano ni Angalizo, rangi ya machungwa ni Tahadhari, na nyekundu ni Tahadhari Kubwa.

Lakini hayo siyo yaliyonifanya nishike kalamu. Nimeishika kwa sababu ya neno moja lililonitia hasara, nalo ni masika.

Huku kwetu mtu akisema masika ana maana ya majira yote ya mvua, toka Novemba mpaka Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi, basi. Redioni neno hilo lina maana nyingine. Mamlaka huita Masika zile mvua za Machi, Aprili na Mei, na Vuli zile za Oktoba, Novemba na Desemba. Hizo ni mvua za nchi zipatazo mvua mara mbili kwa mwaka, yaani pwani ya kaskazini, Unguja na Pemba, mikoa ya kaskazini mashariki kama Kilimanjaro, na mikoa ya kandokando ya Ziwa Viktoria. Mvua zetu sisi tupatao mara moja huitwa mvua za Msimu. Neno masika katika utabiri wa redio halituhusu hata kidogo.

Mimi nilikuwa sijui. Miaka michache iliyopita, mwishoni mwa Februari kama hivi, mdogo wangu anayefanya kazi Tanga alinipigia simu. "Shikamoo, kaka. Huku joto limetuua, lakini wametangaza kwamba masika yataanza katikati ya Machi, na yatakuwa juu ya wastani mpaka Mei." Jioni ile nikafungua redio nami nikasikia vile vile kwa masikio yangu. Nikafurahi. Nilikuwa na shamba la maharage la kupanda, matuta yamekwisha kupigwa, na mke wangu ametoa mbegu chunguni. Nikasema tungoje, kwa kuwa mvua za sasa zilikuwa zinazidi, na maharage huoza miguu maji yakituama.

Mke wangu akauliza, "Baba Yosefu, tunangoja nini?"

"Twangoja masika yaanze."

"Masika yaanze? Na hii inayotulowesha tangu Novemba ni nini?"

Sikuwa na jibu, lakini mwanamume akikosa jibu hukaza shingo. Nikapanda juma la mwisho la Machi. Maharage yakaota vizuri, nami nikawa natembea kando ya shamba nikiimba. Mvua ikanyesha mara tatu nne katika Aprili, kisha ikakata. Yalipofika kutoa maua udongo ulikuwa umepasuka, na upepo wa baridi wa mwezi wa Mei ukayamaliza. Shamba lililozoea kunipa gunia nne lilinipa debe tano. Binti yangu alikuwa anatakiwa chuoni, na fedha za chuo zilikuwa ndani ya maharage yale. Nikauza maksai mmoja. Wakulima wanajua maana yake: maksai mmoja havuti plau. Novemba iliyofuata nililimiwa kwa kukodi, tena baada ya wenye ng'ombe kumaliza mashamba yao.

Mwezi ule ule wa Mei mdogo wangu akapiga simu tena. Mitaa ya Tanga ilikuwa imejaa maji, na watu walikuwa wanavuka kwa kukunja suruali. Utabiri ulikuwa wa kweli neno kwa neno. Ila ulikuwa wa Tanga.

Nikamwendea mwalimu mmoja mstaafu hapa, anieleze inakuwaje nchi moja mmoja azame na mwingine akauke. Akaniambia hivi. Uko ukanda wa mvua unaofuata jua. Jua likienda kusini, mwezi wa Oktoba na Novemba, ukanda huo hupita juu ya kaskazini ya nchi ukielekea kusini. Desemba na Januari huwa umefika kwetu na kuendelea mpaka Zambia na Malawi. Jua likirudi, nao hurudi, ukapita tena kaskazini mwezi wa Machi mpaka Mei. "Fikiri basi litokalo Sumbawanga na kugeuzia hapa Laela," akasema. "Mtu wa Mpui, aliye njiani, huliona mara mbili: likija na likirudi. Wewe wa Laela huliona mara moja tu, lakini hukaa sana, kwa sababu dereva anakula." Tanga ni Mpui katika mfano huo. Kuja ni Vuli, na kurudi ni Masika. Sisi ni kituo cha mwisho, au karibu nacho, na kuja na kurudi kwetu vimeungana.

Tena kuna habari ya upepo. Mwezi wa Aprili watu wa pwani hupata kusi badala ya kaskazi. Kusi huko latoka baharini na limejaa maji, ndiyo maana Aprili na Mei ndiyo miezi yao ya mvua nyingi kuliko yote. Pepo hizo hizo za kutoka kusini mashariki zikifika Ufipa zimekwisha kupita bara lote, maji zimeyaacha njiani, nazo hutuletea ukavu na baridi tu. Kumbe upepo unaomlowesha mdogo wangu ndio ulionikaushia maharage!

Sasa neno wastani, maana nalo lina mtego. Mamlaka hulinganisha mvua za kila mahali na wastani wa mahali pale pale kwa miaka mingi. Kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani huo ni mvua za wastani. Zikipita 125 ni juu ya wastani, na chini ya 75 ni chini ya wastani. Mahali pazoeapo milimita 1,000 kwa majira wakipata 700 watasema chini ya wastani, na mahali pazoeapo 500 wakipata hizo hizo 700 watasema juu ya wastani. Kwa hiyo kusikia mkoa fulani utapata mvua juu ya wastani si sababu ya kuwaonea wivu, wala kuiga siku yao ya kupanda.

Utabiri wa kusikiliza sisi ni ule wa Msimu, unaotolewa karibu na mwisho wa Oktoba. Ule wa Vuli hutoka mwezi wa Agosti, na ule wa Masika hutoka mwanzoni mwa mwaka, Januari au Februari, yaani wakati sisi tumelowa na masikio yametusimama. Hapo ndipo tunaponaswa. Utabiri wa Msimu hutaja pia mvua zitaanza na kuisha lini, na kwa mwenye maharage tarehe ya kuisha yapita ile ya kuanza kwa faida. Baada ya hapo iko taarifa ya kila siku 10 kwa ajili ya wakulima. Mabwana shamba wanaijua, waulizeni.

Basi, juma hili. Kwa kadiri ya mazoea ya mwisho wa Februari, tutaamka na ukungu mabondeni. Jua litatoka saa tatu au saa nne na kuchoma vikali. Saa saba mawingu yatapanda kama pamba, na toka saa nane mpaka jioni ngurumo zitazunguka: leo kwako, kesho kwa jirani. Mwenye kazi ya shamba aifanye asubuhi. Mwenye safari ya Sumbawanga apande gari la alfajiri. Mwenye kuanika nguo asiende mbali.

Na maharage? Mimi napanda juma hili, iwe mvua imezidi au haikuzidi. Maharage yetu yahitaji siku 80 hadi 90, na mvua zetu zimebakiwa na majuma sita au saba. Hesabu hiyo haina nafasi ya kungoja. Wenye ntumba, yale matuta ya mviringo ya nyasi ya wazee wetu, wana nafuu, kwa sababu tuta la nyasi humwaga maji yanayozidi na kutunza unyevu mvua ikikata. Mke wangu amefanya ntumba upande wake wote wa shamba. Upande wangu ni matuta marefu, nami sitaki maneno juu ya hilo.

Nimeweka pia mkebe wa maziwa ya unga uani, ulionyooka kando zake, mbali na mti na mbali na paa. Kila siku saa tatu asubuhi natia rula, naandika milimita katika daftari, namwaga. Zamani misheni nyingi na shule nyingi za Tanganyika zilikuwa na kipimo cha mvua bustanini, mtu akiandika kila siku. Daftari langu lina miaka mitatu sasa. Yeyote wa Laela atakaye kujua mvua za mwaka jana zilikata lini katika kata yetu, si Tanga, aje nyumbani atazame. Aje kabla ya saa nane, asije akalowa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitawajibu wale wawili walioniuliza juu ya radi.