Jiko rahisi hula faida ya mama lishe

Jua linapozama Mbagala, Tandika au Tegeta, majiko ya mkaa hujipanga kando ya barabara: hapa karai la chipsi, pale sufuria ya supu. Biashara hiyo inasomesha watoto. Hata hivyo, wengi wanaoifanya hukariri bei ya viazi na mafuta, lakini mkaa hawauandiki popote kwa sababu hununuliwa kidogo kidogo.

Hapo ndipo faida inapopotelea. Jiko la bati tupu hutoa joto pande zote, na upepo wa nje huongeza hasara. Jiko lenye udongo uliochomwa ndani, maarufu kama jiko bora, hulitunza joto hilo kwa ajili ya sufuria. Mafundi wa Kenya walianza kulitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand, na hapa nchini taasisi ya TaTEDO ni miongoni mwa waliolieneza. Likitengenezwa vizuri, huweza kupunguza mkaa kwa theluthi moja hivi.

Chukua mfano wa mama lishe anayemaliza makopo matatu ya mkaa kwa siku. Akiokoa kopo moja tu, kwa siku 26 za kazi amebakiza makopo 26. Mchoma mishikaki hatapata nafuu hiyo, kwani moto wake lazima uwe wazi. Wa chipsi, wali na supu ataipata.

Tatizo ni ubora. Baadhi ya mafundi huuza udongo mwembamba, usioiva, uliofichwa kwa rangi. Ukipasuka, mteja hurudia bati. Mnunuzi akague nyufa, saruji inayoshika udongo na mlango wa kupunguza hewa, kisha aepuke kumwagia maji jiko likiwa la moto. Fundi naye akubali kubadilisha udongo uliopasuka mapema.

Wapo watakaosema zama za mkaa zinapita, kwa kuwa mkakati wa taifa wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni lengo jema. Lakini ambaye hajamudu mtungi wa gesi atapika leo jioni, na akiba ya mkaa ndiyo inayoweza kumnunulia mtungi huo.

Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Barabarani huvunja na mtaji.